Sindano za kupunguza unene au mlo na mazoezi: Mambo ya kujua kabla hujatoa hela yako

Sindano moja kwa wiki, hamu ya kula inashuka, na baada ya miezi kadhaa suruali zinaanza kupwaya. Hivyo ndivyo Ozempic, Wegovy na Mounjaro zinavyosifiwa mitandaoni, na sifa hizo zinafika kwenye simu ya mtu wa Kakonko au Kasulu kama zinavyofika kwa mtu wa Masaki, Dar es Salaam.

Mjadala umegawa watu. Wapo wanaosema sindano ni njia ya mkato ya wavivu, kwamba mtu afunge mdomo na afanye mazoezi. Wengine wanajibu kuwa wamejinyima miaka na miaka, kilo zinashuka na kurudi, sasa dawa ikipatikana kosa liko wapi?

Desemba 1, 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu dawa hizi kwa watu wazima wenye unene uliopitiliza. Mwongozo haukuchagua upande. Unasema dawa zinaweza kutumika kwa muda mrefu, lakini zikiambatana na mlo bora na mazoezi. Wajawazito hawamo.

Hapa tunaangalia zinavyofanya kazi, zinapunguza kiasi gani, hatari zake, na nini kinawezekana kwa mtu anayeishi mbali na hospitali kubwa.

Sindano hizi ni kitu gani?

Ukimaliza kula, utumbo wako hutoa homoni inayoitwa GLP-1. Kazi yake ni kuusaidia mwili kutoa insulini, kupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni na kuuambia ubongo kuwa umeshiba. Homoni hiyo ya asili huisha haraka sana mwilini.

Wanasayansi walitengeneza dawa zinazoiga homoni hiyo lakini zikadumu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana mtu huchoma mara moja tu kwa wiki.

- Semaglutaidi hutengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Kwa jina la Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari aina ya pili. Kwa jina la Wegovy iliidhinishwa huko mwaka 2021 kwa ajili ya uzito.
- Tirzepataidi ni ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani. Mounjaro iliidhinishwa mwaka 2022 kwa kisukari, na Zepbound mwaka 2023 kwa uzito.

Kwa hiyo Ozempic, jina linalotajwa kuliko yote, kimsingi ni dawa ya kisukari. Kupungua uzito kulionekana kwa wagonjwa waliokuwa wakiitumia.

Zinapunguza kilo ngapi?

Utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha watu 1,961 kwa wiki 68. Waliochoma dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochoma sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4.

Maana yake, mtu wa kilo 100 alipungua kama kilo 15, na mwenzake kilo 2 na ushee.

Kwa tirzepataidi, utafiti wa watu 2,539 uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha waliopewa dozi ya juu wamepungua wastani wa asilimia 20.9 kwa wiki 72.

Ila kuna jambo ambalo matangazo mengi hayalisemi. Katika tafiti zote mbili, kila mshiriki alipewa pia ushauri wa kupunguza chakula na kufanya mazoezi. Hakuna aliyepewa sindano peke yake bila ushauri huo, kwa hiyo ushindi si wa dawa peke yake.

Ukiacha inakuwaje?

Hili ndilo swali la hela. Washiriki wa ule utafiti wa semaglutaidi waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha kama theluthi mbili ya uzito walioupoteza.

Sababu ni rahisi: dawa ikiisha mwilini, njaa inarudi. Unene uliopitiliza ni ugonjwa wa muda mrefu, kama shinikizo la damu. Kidonge cha presha hakiponyi ukimeza mwezi mmoja, na sindano hii ni hivyohivyo.

Kwa hiyo anayekopa hela anunue sindano ya mwezi mmoja "ajaribu" kabla ya harusi, ajue anachonunua.

Mlo na mazoezi navyo vinafanya kazi?

Ndiyo, na ushahidi wake ni wa zamani kuliko sindano.

Mwaka 2002 Marekani ilichapisha matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama kutembea haraka. Kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31.

Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu tu. Hazitaonekana sana kwenye picha, lakini kwenye damu zinaonekana.

Tatizo la njia hii ni kudumu nayo. Ukipungua, mwili wenyewe unapigana kurudisha kilo zake: njaa inaongezeka na matumizi ya nishati yanashuka. Mtu aliyerudisha uzito si lazima awe mvivu au hana nia. Hapo ndipo dawa inapowasaidia baadhi ya watu ambao mlo na mazoezi pekee vimewashinda.

Watanzania walianza kubishana kabla ya Ozempic

Nchini, mjadala huu una jina la mtu: Profesa Mohamed Janabi. Akiwa daktari bingwa wa moyo, na baadaye Mkurugenzi Mtendaji wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, aliwaambia watu hadharani wapunguze sukari na wanga, wapunguze idadi ya milo na wapime viuno vyao.

Wapo waliofuata na kupungua. Wapo waliouliza, "Sasa tule nini?" Jina lake likageuka utani mezani kila mtu aliponyoosha mkono kuchukua soda.

Mei 18, 2025 Janabi alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika. Miezi michache baadaye, shirika hilo likatoa mwongozo wa sindano.

Muhimbili hiyohiyo, kwenye tawi lake la Mloganzila, ilianzisha huduma ya kuweka puto tumboni. Puto huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa ili mtu ashibe mapema, kisha hutolewa baada ya miezi kadhaa. Mmoja wa waliolizungumzia puto lake waziwazi ni mwanamuziki Peter Msechu, ambaye mashabiki wa Kigoma wanamkumbuka kwenye kundi la Kigoma All Stars.

Puto likitolewa, kinachobaki kulinda matokeo ni mtu anavyokula na anavyotembea. Kwa hiyo iwe puto au sindano, safari inaishia kwenye sahani.

Kakonko inaingiaje hapa?

Nyanda za juu za Kigoma, yaani Kakonko, Kibondo na Kasulu, zimezoeleka kutajwa kwenye habari za udumavu wa watoto na kambi za wakimbizi. Unene unaonekana ni habari ya mjini.

Takwimu za taifa zinasema tusilale. Utafiti wa Afya na Demografia wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi ileile ina matatizo yote mawili, na nyumba moja inaweza kuwa nayo pia: mtoto amedumaa, mama ana presha na uzito mkubwa.

Mtu anayelima maharage na muhogo kwa jembe la mkono, akachota maji na kupanda vilima kwa miguu, hahitaji jimu. Kazi yake ni mazoezi tosha. Wa kujiangalia zaidi ni anayeshinda amekaa: mtumishi wa ofisini, mwenye duka, dereva, hata bodaboda anayeendesha kutwa nzima.

Chakula cha huku nacho si adui. Maharage, mboga za majani, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika ni vyakula ambavyo mtaalamu wa lishe angekuandikia. Kinachoharibu ni kipimo:

- Ugali: Mlima wa ugali wa muhogo na mboga kidogo pembeni ni wanga mtupu. Geuza: mboga na maharage vijae, ugali upungue.
- Mawese: Ni mafuta, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina kalori kama 120. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.
- Soda: Chupa ya kola ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 hivi, karibu vijiko 8 vya chai. WHO inashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25.

Hatari kubwa zaidi: sindano ya inboksi

Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari ya dunia nzima kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 nchini Austria watu walilazwa baada ya kuchoma sindano zilizoshukiwa kuwa bandia, na ikashukiwa kuwa ndani yake mlikuwa na insulini.

Insulini kwa mtu asiyeihitaji inaweza kushusha sukari ghafla hadi akazimia au kufa. Kwa hiyo onyo hili ni kwa kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari: insulini ya bibi si sindano ya kupunguza kitambi. Usiguse.

Kuna suala la baridi pia. Kabla ya kufunguliwa, Ozempic inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8. Kutoka Dar es Salaam hadi Kakonko ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kifurushi kikishakaa kwenye buti la basi na jua lote hilo, hakuna anayeweza kukuhakikishia kilichomo bado ni dawa.

Na duka la dawa muhimu la mtaani si famasi. Linaruhusiwa kuuza dawa za orodha maalumu tu, na sindano hizi hazimo. Hizi ni dawa za kuandikiwa na daktari.

Nani anafaa, nani hafai?

Kwa kawaida daktari huanza kuzifikiria mtu akiwa na BMI ya 30 au zaidi. BMI ni kilo zako ukigawanya kwa urefu wako wa mita mara mbili. Mtu wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.65 ana BMI ya 33.

Baadhi ya nchi huruhusu kuanzia 27 kama mtu ana kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaotokana na uzito.

Hazifai kwa:

- Mjamzito, anayenyonyesha, au anayepanga kubeba mimba karibuni. Semaglutaidi inatakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla.
- Mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuugua aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo.
- Aliyewahi kuvimba kongosho, hadi daktari aamue.
- Mtu mwenye uzito wa kawaida anayetaka tu "kushepu" mwili.

Madhara yanayotokea mara nyingi ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo. Pia sehemu ya kilo zinazopotea huwa ni misuli, ndiyo maana hata anayechoma sindano anahitaji mazoezi na chakula chenye protini.

Bei itashuka?

Huenda. Hataza ya semaglutaidi inafika mwisho mwaka 2026 katika nchi kadhaa, zikiwemo India na China, na hapo viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza. India ni nchi ambayo dawa zake zimejaa kwenye famasi za Tanzania.

Septemba 2025 WHO pia iliziingiza semaglutaidi na tirzepataidi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya pili pamoja na unene na ugonjwa wa moyo au figo. Lakini shirika hilohilo linakadiria kuwa hadi 2030 dawa hizi zitawafikia chini ya asilimia 10 ya wanaozihitaji. Zaidi ya asilimia 90 waliobaki bado watahitaji njia nyingine.

Ufanye nini leo ukiwa Kakonko?

1. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kwa mwanaume sentimita 94 kwenda juu, kwa mwanamke 80 kwenda juu, hatari imeanza.
2. Pima presha na sukari kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mtu anaweza kuwa na vyote bila dalili yoyote.
3. Tembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150.
4. Muone afisa lishe wa halmashauri kabla ya kufuata dayati ya mtandaoni. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au ujauzito asifunge kula bila ushauri.
5. Kama bado unawaza sindano, anza na daktari, omba rufaa, nunua famasi yenye kibali na udai risiti. Ukitilia shaka dawa, mpelekee mfamasia wa wilaya au toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Namba moja na mbili zinachukua nusu siku. Anza nazo kabla hujamtumia mtu hela ya sindano.