Kulala kwenye nyasi New York si jambo dogo

Ukitaka kuwajua watu wa New York, achana na maghorofa. Subiri Julai. Jumamosi mchana panda treni ya chini ya ardhi, shuka mtaa wa 66, ingia Central Park, kisha uliza Sheep Meadow iko wapi. Utakuta uwanja wa ekari 15 umejaa watu waliolala chali juani kana kwamba hawadaiwi kodi ya nyumba. Mimi mtoto wa Dar, niliyefundishwa kwamba jua ni la kukimbiwa, nilicheka sana. Sisi tunatafuta mwembe, wao wanatafuta jua!

Basi nikaanza kusoma habari za bustani hiyo, na kicheko kikapungua.

Unajua pale palikuwa na kijiji? Mwaka 1825 kijana mweusi aitwaye Andrew Williams, umri miaka 25, kazi yake kung'arisha viatu, alinunua viwanja vitatu kwa dola 125. Ni upande wa magharibi, kati ya mitaa ambayo leo ni ya 82 na 89. Kumbuka kwamba utumwa katika jimbo la New York ulikomeshwa kabisa mwaka 1827. Yaani jamaa anashika hati ya ardhi wakati weusi wenzake bado ni mali ya watu. Wengine wakamfuata, na mahali pale pakaitwa Seneca Village. Kufikia 1855 palikuwa na watu kama 225, theluthi mbili weusi, waliobaki wengi wao Waairishi. Makanisa matatu. Shule.

Na ardhi hiyo haikuwa ya kujengea tu. Sheria ya jimbo ilisema mwanamume mweusi hapigi kura mpaka awe na mali ya dola 250. Mzungu hakuwekewa sharti hilo. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa pia kadi ya kura.

Mwaka 1853 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kutwaa eneo kwa ajili ya bustani. Magazeti (ndiyo, sisi waandishi!) yakawaita wanakijiji wavamizi. Fidia ililipwa, wengi wakalalamika kwamba ni ndogo. Kufikia mwishoni mwa 1857 kijiji hakipo. Mwaka uliofuata Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda shindano la kuchora bustani ya watu wote.

Watu wote, lakini kwa masharti. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya nyasi ilikuwa ya kutazamwa tu. Mtoto akitaka kucheza mpira alitakiwa awe na barua ya mkuu wa shule. Kondoo walikuwa na uhuru kuliko yeye, maana Sheep Meadow ilikuwa malisho kweli mpaka mwaka 1934, Robert Moses alipowahamishia Brooklyn na banda lao likageuzwa mgahawa.

Kisa kilichonikaa zaidi ni cha Agosti 1896. Joto kali lilipiga jiji kwa siku kama kumi. Maskini wa Lower East Side walikuwa wamesongamana katika majengo ambayo vyumba vingine havikuwa na dirisha. Usiku wakapanda kulala juu ya mapaa, na kuna waliojigeuza usingizini wakaanguka wakafa. Bustani zilikuwepo, zenye nyasi na upepo, lakini kulala humo usiku kulikatazwa. Theodore Roosevelt, wakati huo mmoja wa wakuu wa polisi, ndiye aliyesimamia ugawaji wa barafu ya bure. Marufuku ya bustani ililegezwa joto likiwa linakaribia kwisha. Waliokufa walizidi 1,000. Sipendi kuongeza neno hapo.

Ugomvi wa nyasi haukuishia karne hiyo. Mwaka 1959 Moses huyo huyo alimwambia Joseph Papp, aliyekuwa akionyesha tamthilia za Shakespeare bure bustanini, aanze kutoza kiingilio, kwa sababu watazamaji wanaharibu nyasi. Papp akaenda mahakamani akashinda. Mwaka 1962 ukafunguliwa ukumbi wa wazi wa Delacorte, na tiketi bado ni za bure. Hapo nampa mkono Papp.

Seneca Village ilisahauliwa muda mrefu. Mwaka 2011 wanaakiolojia walichimba pale, wakapata birika la chuma, vipande vya vyombo vya kauri kutoka China, na kiatu kidogo. Hao ndio walioitwa wavamizi. Siku hizi kuna mabango yanayoeleza kijiji kilivyokuwa. Nilisimama kuyasoma Jumamosi moja. Pembeni familia ilikuwa imetandika shuka, inakula tikiti maji.