Mkato Mmoja Katika Orodha

Sisi tunaofundisha Kiswahili tumezoea orodha isiyo na taabu: kalamu, daftari na kitabu. Kiunganishi "na" kinapoingia, mkato hauwekwi. Mwanafunzi wetu anapoandika Kiingereza, huwakuta waandishi wamegawanyika: wengine huweka mkato kabla ya kiunganishi cha mwisho, wengine huuacha. Je, ubishi huu umetoka wapi?

Uakifishaji tunaoujua leo umejengwa sana na wachapaji. Mjini Venice, Italia, katika miaka ya 1490, Aldus Manutius alichapa De Aetna, kitabu cha Pietro Bembo, ambamo nuktamkato ilitumika kwa sura yake ya sasa. Nchini Uingereza, Horace Hart, aliyesimamia uchapaji katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliwatolea wapangaji wa herufi kijitabu cha kanuni mwaka 1893. Mwaka 1904 kikaanza kuuzwa kwa umma. Kwa kuwa wachapaji hao waliushika mkato wa mwisho, ukaitwa mkato wa Oxford. Nchini Marekani, mwongozo wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1906, nao unaupendelea. Magazeti mengi huuacha.

Wako wanaosema kuwa hayo ni mambo madogo. Tutazame basi jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya huko iliondoa haki ya malipo ya saa za ziada katika shughuli kadhaa za vyakula. Orodha yake, kwa tafsiri yetu, iliishia hivi: "kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walikuwa wakisambaza, si kufungasha. Wakadai kwamba sheria ilitaja kufungasha tu, kuwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza. Mahakama ya kwanza iliwapa ushindi waajiri. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona maneno hayo yana utata, ikayafasiri kwa manufaa ya madereva. Mwaka 2018 pande mbili zilisuluhishana kwa dola milioni 5. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kurekebisha sheria, likatenga kila shughuli kwa nuktamkato.

Tuangalie pia kwamba tafsiri yetu ya Kiswahili ina utata uleule. Kwa hiyo somo hili si la Kiingereza peke yake.

Tunawashauri wanafunzi hivi. Vitu vikiwa vya neno mojamoja, desturi yoyote kati ya hizo mbili yafaa katika Kiingereza, mradi isibadilikebadilike. Kipengele kikiwa na "na" au "au" ndani yake, mkato wa mwisho uwekwe. Kikiwa na mikato ndani yake, itumike nuktamkato. Na alama isipotosha kuondoa utata, sentensi iandikwe upya.