Mgeni Asimame Wapi?

Mwaka 1860 Mskoti mmoja, James Augustus Grant, alishuka Unguja pamoja na John Hanning Speke, safari yao ikiwa ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Ndani ya mizigo yake mlikuwa na vyombo vya kupiga picha pachapacha: moja ya jicho la kushoto, moja ya jicho la kulia. Alipiga picha za mji, na soko la watumwa nalo akalipiga. Ni miongoni mwa picha za zamani kabisa za Unguja zilizobaki mpaka leo. Alipoingia bara kazi ile ilimshinda, akashika penseli.

Picha pacha za namna hiyo zilitazamwa kwa stereoskopu, kifaa alichokieleza Mwingereza Charles Wheatstone mwaka 1838. David Brewster akakifanya kidogo chenye lenzi, na kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851 watu wakakipenda kupita kiasi. Siri yake ni nyepesi. Kila jicho lipewe picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, kisha ubongo wenyewe uzishone ziwe kitu kimoja chenye kina. Miwani ya uhalisia pepe (VR) inayouzwa leo inafanya jambo lilelile. Kwa hiyo kijana wa Bongwe, Kwale, pwani ya Kenya, anayejifunza usanidi wa VR asidhani kazi hii imeshuka juzi kutoka Marekani. Ilikwishafika pwani hii kabla Nairobi haijakuwa mji. Ila ilifika mikononi mwa mgeni. Waliopigwa picha walibaki upande wa mbele wa lenzi, na aliyeamua mtazamaji asimame wapi alikuwa mwingine.

Hali hiyo ilidumu. Aprili 1909 Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa kwenda kuwinda, na kampuni ya Underwood & Underwood ikauza kadi za stereoskopu za safari yake ili familia za Marekani zimwone simba zikiwa sebuleni. Sisi tulikuja kupata chetu baadaye, cha unyenyekevu: ile kamera ya plastiki iliyoletwa na mahujaji, ukiiweka jichoni na kubonyeza, Al-Kaaba inatokea, ukibonyeza tena, Madina. Ya jicho moja tu, haina kina chochote, lakini watoto waliigombania mpaka ikavunjika.

Ng'ambo, mambo ya uhalisia pepe yalikwenda kwa vishindo na kuanguka. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alimvisha mtu kifaa kizito kilichoning'inizwa darini, na mvaaji akaona umbo la mistari likielea ndani ya chumba halisi. Miaka ya 1980 Jaron Lanier aliuza miwani na glavu zake, kampuni ikafilisika. Mwaka 1990 huko Boeing, Tom Caudell alitafuta jina la mfumo wa kumwonyesha fundi wa nyaya za ndege mchoro uliolala juu ya kazi aliyonayo mbele yake, na ndipo likapatikana jina la uhalisia ulioboreshwa. Halafu kimya kirefu, mpaka Palmer Luckey alipochangiwa fedha na umma mwaka 2012 kuunda Oculus, na Facebook ikainunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.

Kwetu tukio kubwa la mwaka huo lilikuwa boksi. Google ilitoa Cardboard: karatasi ngumu iliyokunjwa, lenzi mbili, na simu uliyonayo mfukoni. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimeshatua Mombasa tangu 2009, simu za Android zimejaa, na ghafla kifaa cha matajiri kikawa cha bei ya soda chache. Mwaka 2015 Brian Afande na Michael Ilako walianzisha BlackRhino VR jijini Nairobi. Miaka miwili baadaye zikatoka kazi mbili ninazozihesabu kuwa mwanzo wa sanaa hii Kenya: Nairobi Berries ya Ng'endo Mukii, na Let This Be a Warning ya The Nest Collective.

Hiyo ya pili inastahili kusimama nayo. Waafrika wameihama dunia na kujenga makazi kwenye sayari ya mbali. Siku moja anawafikia mgeni ambaye hakualikwa. Mgeni huyo ni wewe uliyevaa miwani. Unatazamwa, unatiliwa shaka. Baada ya miaka zaidi ya 150 tangu Grant, mwenye lenzi ameulizwa amefuata nini.

Kwale swali hilo lina majibu ya zamani. Bongwe iko katika wadi ya Gombato Bongwe, Msambweni, kilomita chache tu kutoka ufuo wa Diani, na kusini yake iko Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni haingii kaya kama anayeingia dukani. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, hutanguliwa na mwenyeji, hufuata njia, na pako mahali ambapo safari yake huishia. Wasanidi wa VR hutumia miezi kupanga mambo hayohayo: mtazamaji aanzie wapi, aongozwe na nini, azuiwe wapi bila kuona ukuta. Wazee wa ngambi, baraza la kaya, walishayapanga bila kompyuta.

Kazi yenyewe, kwa anayeitaka, haina uchawi, ingawa neno pepe likitamkwa Kwale kuna watakaosikia pepo. Utajifunza programu ya Unity au Unreal, utachonga maumbo kwa Blender, utaandika msimbo. Kisha utapambana na saa. Miwani inayochora mara 72 kwa sekunde inakupa milisekunde zisizofika 14 kukamilisha picha za macho yote mawili. Ukichelewa, aliyevaa anapata kichefuchefu kama abiria wa ngalawa wakati wa kusi. Nusu ya kazi, basi, ni kupunguza: majani ya mbuyu, mikunjo ya leso, vivuli.

Adha kubwa iko kwingine, na mtu wa pwani ataielewa upesi kuliko mtu wa bara. Hapa tuna desturi ya nyumba bila ardhi: matofali yako, kiwanja cha mwingine. Msanidi anaishi hivyo. Google ilifunga Poly, ghala lake la maumbo, mwaka 2021. Microsoft ilikoma kuunda miwani yake ya HoloLens 2 mwaka 2024. Januari 2025 Meta ikafunga jukwaa lake la Spark, na vichujio vya Instagram ambavyo watu duniani kote walivitengeneza kwa riziki vikatoweka pamoja na jukwaa. Mwenye shamba alituma barua, wapangaji wakahama. Ndiyo maana ningemwambia kijana wa Bongwe aweke maumbo yake kwenye faili zilizo wazi, diski yake mwenyewe, kabla ya kuwaza miwani ipi ni nzuri.

Na maumbo ya kuhifadhi yapo. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Diani nayo ina Msikiti wa Kongo, wa matumbawe, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 14, uliozungukwa na mibuyu karibu na mlango wa Mto Mwachema, na bado unasaliwa. Kuta zake zinaweza kupigwa picha mia kadhaa na kuunganishwa kuwa umbo moja kwa kompyuta ya kawaida yenye subira.

Kigumu kitakuja mlangoni. Mgeni wa VR, awe Oslo au Muscat, lazima avue viatu kwanza, na miwani hizi hufuata kichwa na mikono tu. Miguu haziioni. Msanidi atabaki pale kizingitini, msimbo umefunguliwa mbele yake, akitafuta namna ya kumvua viatu mtu asiye na miguu.