Sasisho: Istilahi Isiyoahidi Kasi

Anayetumia simu ya Android iliyowekwa lugha ya Kiswahili anaifahamu arifa hii: kuna sasisho la mfumo, gusa ili kupakua. Kilimatinde, wilayani Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa unaotazama tambarare za Bahi, arifa hiyo huwafikia watu wa kila kazi: mwalimu, muuguzi wa hospitali ya misheni, mkulima wa alizeti, kijana wa bodaboda. Swali linaloifuata halitofautiani na la Dar es Salaam au Mombasa. Nikikubali, simu itakuwa nyepesi au itakuwa nzito?

Swali hilo ni zito kwa mtu ambaye simu yake ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo njia ya kusikia habari za mtoto aliye chuoni. Wengi hulijibu kwa uvumi. Wapo wanaokataa kila sasisho kwa kuamini kwamba kampuni huzifanya simu nzito kusudi ili zinunuliwe mpya. Wapo pia wanaokubali kila kitu kwa kuamini kwamba kipya ni bora. Makundi yote mawili yanalidai neno sasisho ahadi ambayo halikuitoa.

Neno na jamaa zake

Kitenzi sasisha kimetokana na kielezi sasa, kikaundwa kwa njia ambayo Kiswahili kinaitumia siku zote. Kutokana na fupi tukapata fupisha, kutokana na sahihi tukapata sahihisha, kutokana na rahisi tukapata rahisisha. Kusasisha basi ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Nomino yake nayo inafuata kanuni: chapisha huzaa chapisho, rekebisha huzaa rekebisho, sasisha huzaa sasisho, na wingi wake ni masasisho. Tendo lenyewe kwa ujumla wake ni usasishaji. Hakuna kiungo cha neno hili kilicholazimishwa, na ndiyo maana msikilizaji huielewa maana yake mara ya kwanza tu anapolisikia.

Neno hili lina jamaa watatu wanaogombea nafasi yake. Wa kwanza ni apdeti, linalotawala mitaani: nimeapdeti simu, apu inataka apdeti. Halina kosa katika mazungumzo, ila halina mzizi utakaomwongoza mtu asiyelijua. Wa pili ni huisha, lenye maana ya kutia uhai. Ofisi za umma Tanzania hulipenda: huisha taarifa zako, huisha leseni yako. Linafaa pale ambapo kitu kimekwisha muda au kimelala, nacho kinarudishiwa nguvu. Wa tatu ni boresha, kama katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Hili ndilo linaloleta mkanganyiko kwenye simu, kwa sababu limebeba hukumu ndani yake: kilichoboreshwa lazima kiwe kimekuwa bora.

Sasisho halina hukumu hiyo. Linasema jambo moja tu, kwamba programu iliyomo simuni sasa inalingana na ile ambayo mtengenezaji anaitoa leo. Kama usasa huo utaipa simu wepesi au utailemea, neno haliamui. Linaloamua ni aina ya sasisho na hali ya simu inayolipokea.

Aina tatu chini ya jina moja

Tatizo la arifa za simu ni kwamba mambo matatu tofauti hupewa jina moja.

La kwanza ni sasisho la usalama. Hili huziba matundu ambayo wahalifu wangeweza kupitia. Kwa kawaida ni dogo, halibadilishi sura ya simu, na uzito wake ni vigumu kuuhisi. Google ilianza kutoa masasisho ya usalama ya kila mwezi kwa Android mnamo Agosti 2015, baada ya kugunduliwa udhaifu ulioitwa Stagefright, ambao ulimwezesha mshambuliaji kuingia simuni kwa kutuma ujumbe wenye video tu.

La pili ni sasisho la programu-tumizi, zile tunazoziita apu: WhatsApp, Facebook, apu za benki. Haya huja mara kwa mara bila kelele, na mengi yao huongeza ukubwa wa apu mwaka hadi mwaka. Mtu anaweza kuapa kwamba hajawahi kusasisha simu yake, kumbe apu zake zimejisasisha miezi yote hiyo. Kisha mfumo endeshi hulaumiwa kwa uzito unaotokana na apu.

La tatu ni sasisho la toleo, yaani kuhama kutoka toleo moja la mfumo endeshi kwenda jingine, mathalani kutoka Android 13 kwenda Android 14. Hili ndilo kubwa, mara nyingi linazidi GB moja, na ndilo linaloweza kuibadilisha simu kwa namna ambayo mkono na jicho huihisi.

Kwa hiyo mwenye simu hawezi kujua la kutarajia kabla hajajua ni lipi kati ya haya matatu analoletewa.

Uzito una sura tatu

Kiswahili cha kila siku kina msamiati mzuri wa hali ya simu. Hatusemi simu ya polepole. Tunasema simu nzito, simu inakwama, simu imeganda. Vijana wanasema inastaki. Maneno haya hayana maana moja, na tofauti zake zinamsaidia fundi kujua pa kuanzia.

Simu nzito ni ile inayochelewa: unagusa apu, unasubiri ifunguke. Hapo kinachopimwa ni kasi ya prosesa na ya hifadhi. Simu inayokwama ni ile inayofungua upesi lakini ukipandisha ukurasa kwa kidole unaruka-ruka. Kioo cha kawaida huonyesha picha 60 kila sekunde, maana yake kila picha ina muda usiofika milisekunde 17 wa kuandaliwa. Picha moja ikichelewa, jicho hukamata mkwamo. Vioo vya picha 120 kwa sekunde hupunguza muda huo hadi milisekunde 8 na kidogo, ndiyo maana huonekana laini, na ndiyo maana pia huidai prosesa zaidi. Simu iliyoganda ni ile isiyoitikia kabisa, na mara nyingi chanzo chake ni kujaa kwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo apu hufanyia kazi.

Sasisho moja linaweza kuondoa mkwamo na wakati huohuo likaongeza uzito. Ndiyo sababu watu wawili wenye simu za aina moja hutoa ushuhuda unaopingana, na wote wawili wakawa wakweli.

Kwa nini simu hulemewa

Sababu ya kwanza ni ya muda tu. Baada ya sasisho la toleo, simu hufanya kazi nyingi isizozionyesha: huzitayarisha upya apu zote zilingane na mfumo mpya, hupanga upya kumbukumbu za picha na mafaili. Katika saa hizo, pengine siku moja au mbili, simu hupata joto, chaji huisha haraka, na kila kitu huchelewa. Anayehukumu sasisho jioni ya siku ileile anahukumu kazi ambayo haijakwisha.

Sababu ya pili ni mzigo wenyewe. Toleo jipya huandikwa likilenga simu za mwaka huo, zenye RAM kubwa zaidi. Simu ya miaka minne iliyopewa toleo hilo ni kama lori la zamani linalopanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Kintinku: injini ni ileile, magunia yameongezwa. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliziadhibu Apple na Samsung kwa jambo hili. Apple ilitozwa euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5. Kwa upande wa Samsung, wamiliki wa Galaxy Note 4 walikuwa wamehimizwa kupokea Android Marshmallow bila kuelezwa vya kutosha jinsi ambavyo ingezilemea simu zao.

Sababu ya tatu ni hifadhi iliyojaa. Hifadhi ya simu haiwezi kuandika juu ya kilichokuwepo mpaka ikifute kwanza. Ikibaki na nafasi finyu, kila uandishi huchelewa. Simu ya GB 16 au 32 iliyojaa video za vikundi vya WhatsApp italemewa na sasisho lolote, hata lile lililo jema.

Sababu ya nne ni betri. Januari 2017 Apple ilitoa toleo la 10.2.1 la iOS, mfumo endeshi wa iPhone, ambalo lilipunguza kasi ya prosesa katika simu zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Wenye simu hawakuambiwa waziwazi. Desemba mwaka huohuo John Poole wa kampuni ya Primate Labs alichapisha vipimo vilivyoonyesha kushuka kwa kasi hiyo, na kabla mwezi haujaisha Apple iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadili betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Fundisho lake ni la moja kwa moja: simu iliyolemewa kwa sababu hiyo ilirudia kasi yake ilipowekwa betri mpya.

Masasisho yaliyoleta wepesi

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 2012 Android 4.1 ililenga mkwamo hasa: wahandisi wa Google waliupanga upya utayarishaji wa picha ili uende sambamba na mapigo ya kioo, na simu zilezile zikaonekana laini. Mwaka 2013 Android 4.3 iliingiza utaratibu wa kuiambia hifadhi ni sehemu zipi hazitumiki tena, ili zifutwe mapema. Tableti za Nexus 7 zilizokuwa zimechoka zilifufuka. Mwaka 2018 Apple ilitoa iOS 12 ikiwa na lengo la kuzisaidia simu za zamani, hadi iPhone 5s ya mwaka 2013. Kampuni ilieleza kwamba katika iPhone 6 Plus apu zingefunguka kwa kasi iliyozidi ya awali kwa hadi asilimia 40.

Kwa simu za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, hatua kubwa ilikuwa Android Go, iliyotoka na Android 8.1 mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu. Huu ni mfumo uliopunguzwa makusudi. Simu kadhaa za itel na Tecno zinazouzwa Tanzania hutumia mfumo wa jamii hiyo. Ila mfumo wenyewe nao umekua: tangu Android 13, Android Go inahitaji RAM isiyopungua GB 2.

Kukataa nako kuna bei

Anayekataa kila sasisho anaweza kuulinda wepesi wa leo, lakini huutoa usalama wake rehani. Simu iliyobeba akaunti ya M-Pesa na apu ya benki haifai kuachwa na matundu yanayojulikana. Kisha siku hufika ambapo apu yenyewe inakataa kufanya kazi. Januari 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia Android 4.4, na aliyekuwa na simu ya toleo hilo alijikuta nje ya kikundi cha familia bila kosa lake.

Na hapa pana dhuluma inayohitaji kusemwa. Tangu mwaka 2024 Samsung huahidi masasisho ya miaka saba kwa simu zake za juu za Galaxy S, na Google ilitoa ahadi kama hiyo kwa Pixel 8 mwaka 2023. Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 20, 2025, unadai simu zinazouzwa huko zipate masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Simu nyingi za bei ya chini zinazofika maduka ya Manyoni hazina ahadi ya namna hiyo. Mnunuzi wa huku analipia simu kwa jasho zaidi kuliko mwenzake wa Ulaya, kisha anapewa muda mfupi zaidi wa kuitumia kwa usalama.

Hukumu

Tulibakize neno sasisho, kwa kuwa ni neno aminifu, na tuliongezee kivumishi chake. Watafsiri wa mifumo ya simu, wakiongozwa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), waandike katika arifa: sasisho la usalama, sasisho la apu, sasisho la toleo, na waonyeshe ukubwa wake kwa MB kabla bando la mtu halijaliwa. Boresho libaki kwa kile ambacho mtumiaji amekipima akakiona kuwa bora.

Nawe msomaji, ukipata arifa, soma kwanza ni sasisho gani. La usalama lipokee bila kusita. La toleo lipokee ukiwa na nafasi ya GB kadhaa kwenye hifadhi, chaji ya kutosha, na nakala ya picha na namba zako mahali pengine, kisha ipe simu siku mbili kabla ya kuilaumu. Ikibaki nzito baada ya hapo, futa video usizozihitaji na umwombe fundi aipime betri kabla hujatoa fedha kununua nyingine. Na siku utakapokwenda dukani kununua simu, pamoja na kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, muulize muuzaji swali ambalo wachache huuliza: simu hii itapata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani?