TELA LETU: LILIVYOPATIKANA, LILIVYOPOTEA NA LILIVYORUDI

 Kamati ya kijitabu hiki ilitupa sisi uongozi kazi ya kuandika historia ya tela la kikundi. Wengine walisema tela ni chuma tu, tuandike habari za hisa na gawio. Lakini hisa zimeandikwa kwenye kurasa nyingine na mweka hazina, tena kwa hesabu nzuri. Sisi tumeona tela lina mambo yake, na mengine hatujawahi kuyasema mbele ya wanachama wote. Basi leo tunayasema.

Huku kwetu Usangu mzigo mkubwa ni mpunga. Anayepita barabara kuu ya Mbeya kwenda Dar es Salaam anaona Igurusi, Chimala, Rujewa, anaona mashine za kukoboa na magunia yamepangwa, anadhani mpunga umejileta wenyewe pale. Haujui matope ulikotoka. Bibi zetu waliubeba kichwani, debe kwa debe, na gunia moja ni madebe sita, yaani safari sita. Waliokuwa na ng'ombe walikata gogo lenye panda, wakalifunga nyuma ya maksai likaburuzwa chini kama jembe. Baadaye ikaja mikokoteni ya ng'ombe yenye magurudumu ya gari bovu, na wengine punda.

Tela la chuma wengi wetu tuliliona mara ya kwanza tukiwa watoto, kwenye shamba kubwa la Serikali la Mbarali, lile lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970. Ilikuwa ni wakati huohuo na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976. Trekta likipita na tela lake tulikuwa tunalikimbilia kwa nyuma tudandie. Hatukuwaza kwamba siku moja kina mama wa kijijini wanaweza kuwa na la kwao. Kitu cha namna ile kilikuwa cha Serikali au cha mwanaume tajiri.

Mwaka 2009 ilipotangazwa Kilimo Kwanza zikaja pawatila nyingi, na nyingi zilikuwa na tela dogo. Hapo ndipo bei ya kusomba ikawa biashara ya watu. Mwenye chombo alitoza anavyotaka, na wakati wa mavuno alianza na ndugu zake, kisha wenye mashamba makubwa, mwisho kabisa mjane mwenye robo eka. Mvua ya mwisho ikikukuta na magunia shambani, punje inaanza kuota ndani ya gunia. Wenyewe mnajua.

Kikundi tulikianza mwaka 2014 tukiwa kina mama 24. Kabla ya hapo tulicheza upatu tu, na upatu ukishavunjika unaacha maneno. Utaratibu wa sanduku lenye kufuli tatu, hisa na mfuko wa jamii tulifundishwa na mwezeshaji. Alituambia asili yake ni kina mama wa vijijini nchini Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991. Tulicheka sana siku hiyo, maana hakuna hata mmoja aliyejua Niger iko upande gani. Lakini sanduku tulilielewa. Funguo tatu kwa watu watatu, hata mwenyekiti hafungui peke yake.

Mwisho wa mzunguko wa pili, mwaka 2016, tulikubaliana tusigawane fedha zote. Tulitoa sehemu ya faida tukatengeneza tela. Tulikwenda Mbeya mjini kwa fundi wa kuchomelea, mama watatu, fedha zimefungwa kwenye ncha ya khanga. Fundi alitushangaa kwanza, akauliza mzee yuko wapi. Tukamwambia mzee ni sisi.

Tela lenyewe si kubwa. Lina magurudumu mawili, ekseli ya pikapu ya zamani, fremu ya vyuma vya pembe, mbao pembeni na mlango wa nyuma wa kushusha. Mzigo wake ni gunia 15. Mavuno yakifika watu wanataka kupakia 20, tena lumbesa, na hapo ndipo fundi alitupa somo ambalo tunalirudia kwa kila mwanachama mpya. Mzigo ukilemea nyuma ya ekseli, mkono wa tela unanyanyuka na kulinyanyua trekta pale pini inapokaa, na likishika mwendo mkia unapepesuka huku na huku hadi kupindua. Mzigo ukilemea mbele mno, pini na mkono vinapinda. Gunia nzito zikae katikati, zikivuta kidogo mbele. Na mnyororo wa akiba ufungwe kila safari, kwa sababu pini ikichomoka kwenye mteremko tela halina breki la kujisimamisha. Mwaka 2017 pini ilichomoka kweli njia ya shambani. Mnyororo ukashika, mtoto aliyekuwa amekaa juu ya magunia akashuka mzima. Tangu siku ile hakuna mtu kupanda juu ya mzigo, hata awe mjukuu wa mwenyekiti, na ndiye aliyekuwa juu siku ile.

Sasa tuje kwenye usajili, ambako ndiko tulikokosea.

Sisi tulidhani tela ni kama jembe, ukishalinunua ni lako. Kumbe Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema hata tela linatakiwa kusajiliwa kama linapita barabarani, na linakuwa na namba yake, si namba ya chombo kinacholivuta. Ndiyo maana malori ya Zambia yanayopita hapa mbele yana namba moja na matela yao yana namba nyingine. Sisi lazima tuguse lami kufika mashineni, hivyo hatukuwa na ujanja. Tukaenda Mamlaka ya Mapato. Swali la kwanza lilikuwa tela ni la matumizi binafsi au la biashara, maana la binafsi ni kibao cha njano na la kukodisha ni kibao cheupe. Tukasema la biashara. Swali la pili lilikuwa mmiliki nani, na namba yake ya mlipa kodi iko wapi.

Kikundi hakikuwa na namba hiyo. Kikundi hakikuwa hata na cheti cha kueleweka, tulikuwa na daftari na sanduku tu. Na mavuno yalikuwa mlangoni. Mwenye trekta tuliyepatana naye kulivuta alikuwa mume wa mwenzetu mmoja, mzee mwaminifu, na yeye namba alikuwa nayo. Basi mwenyekiti, huyuhuyu anayeandika sasa, akasema, "Andikeni tu jina la mzee, tutabadilisha baadaye." Katibu alipinga. Alisema kitu cha wengi kisilale kwenye jina la mmoja. Tukamwona mkorofi. Kadi ikatoka kwa jina la mzee, tukafurahi, tukachinja hata kuku.

Miaka mitatu ikapita na "baadaye" haikufika. Tela lilifanya kazi vizuri. Mwanachama alisomba kwa bei nafuu, asiye mwanachama kwa bei ya sokoni, na mjane mwenye robo eka akawa wa kwanza kwenye orodha. Fedha ziliingia sandukuni kila wiki wakati wa mavuno. Mzee hakuwahi kudai hata senti zaidi ya malipo ya trekta lake. Hilo tunaliandika ili wajukuu zake walisome.

Februari 2019 mzee alifariki. Tulimlilia kama baba yetu, tukapika, tukakesha. Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao, ukamteua mdogo wake awe msimamizi wa mirathi, wakaandika mali. Shamba, nyumba, trekta, ng'ombe wanne, na tela. Tulipokwenda kusema tela si la marehemu, tukaambiwa kadi inasemaje? Kadi ilisema la marehemu. Tukaitwa wanawake wasio na haya, eti arobaini haijafika tunagombea mali ya maiti. Maneno hayo yalitembea mpaka kanisani na msikitini. Wengine wetu walianza kukwepa mikutano, na mwanachama mmoja alitoa hisa zake akaondoka. Hatumlaumu, maana kila Jumatano mumewe alimuuliza tela lenu liko wapi.

Mavuno ya mwaka ule tela lilikaa limefungwa mnyororo kwenye uwanja wa huyo shemeji, nasi tukisomba kwa kukodi. Jioni nyingi tulipita pale. Tairi moja ilikuwa imekaa chini, kuku wametagia ndani.

Mwishowe tulikwenda Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu msimamizi wa mirathi lazima apite pale, na mwenye pingamizi anasikilizwa palepale. Tulibeba tulichokuwa nacho. Kwanza daftari la mikutano la mwaka 2016, lenye uamuzi wa kutengeneza tela na sahihi za wote 24, wasiojua kuandika wakiwa wameweka dole gumba. Pili risiti za vyuma, mbao na matairi, ambazo mweka hazina alizitunza kwenye kopo la maziwa. Bahati mbaya risiti mbili zilikuwa hazina jina la mtu. Tatu fundi mwenyewe, aliyekubali kufunga karakana siku nzima kuja kusema alimpokea fedha nani. Alisema, "Walikuja mama watatu, fedha zikatoka kwenye khanga. Mwanaume sikumwona."

Lakini shahidi aliyeikata kesi alikuwa mjane wa marehemu, mwanachama mwenzetu. Hebu fikirini alivyokuwa amesimama. Tela likihesabiwa mali ya marehemu, na yeye na watoto wake wana fungu. Akisema la kikundi, anapoteza fungu na anakosana na ukoo ambao bado ameshikilia trekta na shamba. Hatukumwomba aje. Tulijadiliana tukaona si haki kumweka pale. Alikuja mwenyewe, na nguo nyeusi. Alisema mume wake hakuwahi kuliita tela lile "langu" hata siku moja, na kwamba wasimfanye mwizi akiwa kaburini.

Mahakama iliagiza tela liondolewe kwenye orodha ya mirathi. Shemeji, tuseme ukweli, hakukata rufaa, na baada ya muda alitusalimia. Alisaini karatasi za uhamisho akiwa msimamizi wa mirathi. Lakini karatasi haziwezi kuhamisha kwenda kwa kikundi kisichokuwa na jina mbele ya Serikali. Hapo ilitusaidia ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyotaka vikundi kama vyetu visajiliwe. Wengi walinung'unika kwamba ni kutusumbua. Sisi tulikwenda halmashauri mbio, tukapata cheti, kisha namba ya mlipa kodi kwa jina la kikundi, kisha tukafungua akaunti. Machi 2020 kadi mpya ikatoka. Ilikuwa ni miezi kumi na tatu tangu mzee afariki. Nauli, ada na gharama ya kusomba kwa kukodi vilikula gawio la mwaka mzima, na kila mwanachama alipata sabuni na kilo mbili za sukari tu. Hakuna aliyelalamika kwenye kikao. Nje ya kikao sijui.

Na mjane? Trekta alipata sehemu yake baada ya mvutano mrefu, akauza, akanunua ng'ombe wa kulima. Kikundi kilimsomba bure misimu miwili. Wengine walisema misimu miwili haitoshi, wengine walisema bure inaua kikundi, tukapiga kura. Sisi uongozi tulipenda iwe mitatu, tukashindwa.

Katibu yule tuliyemwona mkorofi ndiye mtunza kadi tangu 2020. Kadi inakaa sandukuni, chini ya kufuli tatu, na nakala iko kwa mwanasheria mmoja rafiki wa kikundi. Mwaka 2022 tulipoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 4 ya mapato kwa wanawake, tela lilikuwa kwenye orodha ya mali zetu na kadi ikaonyeshwa kwa jina letu. Mkopo tulipata kabla haijasimamishwa mwaka 2023.

Kwa wanachama wapya, mambo ya tela kwa sasa ni haya. Bolti za magurudumu zikazwe kila asubuhi ya kazi, grisi ya beringi kila msimu kabla ya mavuno, na taa nyekundu za nyuma zifanye kazi kabla ya kugusa lami, hata kama ni mchana, maana safari ya mchana huishia usiku. Tairi la kushoto limekwisha. Mchango wa tairi umeshaanza, na jina la kila aliyetoa limebandikwa ukutani pale tunapokutania, pamoja na majina ya ambao bado.