Kabla ya Kuiita Vita: Nafasi ya Neno Hujuma

Tarehe 27 Julai 2023 Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba jukwaa la eCitizen lilikuwa limeshambuliwa. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali ya Kenya zilikuwa zimekusanywa humo, kuanzia pasipoti hadi leseni za udereva. Wageni walioshindwa kupata viza kwa kompyuta ilibidi waahidiwe kwamba wataipata wakishatua. Tiketi za treni zikawa taabu kukatwa, na malipo ya simu yakasuasua. Kwa mitaa kama Rhonda hapa Nakuru, ambako stima hununuliwa ya shilingi hamsini leo na hamsini kesho, balaa lilikuwa kwenye tokeni: unatuma pesa kwa nambari 888880, unangoja tarakimu 20 za kubofya kwenye mita, na tarakimu haziji. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitokeza kudai kuwa ndilo lililofanya kitendo hicho, kwa madai kwamba Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Siku hizo jeshi la Sudan lilikuwa limemkataa Rais William Ruto kama kiongozi wa kamati ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, ya kusuluhisha mapigano ya Khartoum. Tukio la aina hii, lenye nchi mbili zinazovutana na kompyuta zinazozimika, wengi hulibandika jina moja bila kusita: vita vya mtandao.

Istilahi hiyo imekwisha kukubalika, nami sina haja ya kuifuta. Imeundwa vizuri, na ni bora kuliko vita vya mtandaoni, kwa kuwa kiambishi -ni hutaja mahali tu. Vita vya mtandaoni ni vile vya Wakenya wanaorushiana maneno na Wanigeria kwenye simu hadi usiku wa manane, na havijawahi kuzima mtambo wa mtu. Kasoro ya vita vya mtandao ni kwamba imebebeshwa mambo matatu yasiyofanana: kuiba siri za nchi nyingine, kuiharibia shughuli zake kwa kificho, na kupigana nayo. La kwanza lina jina lake, ujasusi. La tatu ndilo vita. La katikati, ambalo ndilo hutokea mara nyingi zaidi, tumeliacha bila jina ilhali neno tunalo siku zote: hujuma. Kwa Kiarabu, lilikotoka, neno hilo ni shambulio tu. Kiswahili kililiongezea siri na nia mbaya, na anayehujumu hasimami mbele yako kifua wazi. Kwa hiyo shambulio la kompyuta linalofanywa na nchi, au kwa niaba yake, bila kutangazwa na bila mwenyewe kukubali, liitwe hujuma ya mtandao.

Tuupime mgawanyo huu kwa mambo yaliyotokea. Waliolilemea eCitizen hawakuvunja mlango. Waliielekezea seva maombi mengi kupita uwezo wake, kama umati unaojazana kwenye kioski cha maji na mitungi mitupu bila nia ya kununua, hadi mwenye kiu hapati pa kupenya. Owalo alisema hakuna data iliyopotea. Ilipofika Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walifichua kesi dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, wakidai ndio waliokuwa wakiendesha kundi hilo na kwamba chombo chao kilitumika katika mashambulio zaidi ya 35,000 duniani, yakiwemo ya hospitali. Walishtakiwa kwa uhalifu wa kompyuta, si kwa uaskari wa nchi yoyote. Kama Kenya ingeitikia kwa lugha ya vita mwezi ule wa Julai, ingekuwa imemtangazia nani? Hata jina hujuma ya mtandao lingefaa kuandikwa hapo kwa tahadhari, likiwa dai lililo chini ya uchunguzi, maana mkono wa dola haujathibitishwa.

Mfano wa ujasusi uko karibu vilevile. Mwezi Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa wameingia kwa miaka kadhaa, tangu mwishoni mwa 2019, katika mitambo ya wizara na idara nane za Kenya, ofisi ya rais ikiwemo. Kwa mujibu wa vyanzo vyake, walichotafuta angalau kwa sehemu ni habari za deni ambalo Kenya inadaiwa na Beijing. Ubalozi wa China ulisema madai hayo hayana msingi. Miaka mitano kabla yake gazeti la Ufaransa la Le Monde lilikuwa limeandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililotolewa zawadi na China mwaka 2012, zilikuwa zikisafirishwa kila usiku hadi Shanghai. China ilikana hilo pia. Tuseme yote mawili ni kweli: hakuna taa iliyozimika wala faili iliyofutwa, na mwizi alitaka kila kitu kiendelee kufanya kazi ili aendelee kusoma. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inautaja ujasusi huu katika kifungu cha 21 na kuuwekea kifungo cha hadi miaka 20. Sheria imetofautisha mambo, na lugha ya magazeti haina sababu ya kuyachanganya.

Vita vyenyewe je? Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wafanyakazi wa kampuni za umeme walitazama vishale vya kompyuta zao vikitembea vyenyewe na kuzima swichi za vituo kimoja baada ya kingine. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme katikati ya baridi. Ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi waliendesha magari hadi vituoni wakawasha swichi kwa mikono. Nchi hiyo ilikuwa tayari inapigana kwa mizinga upande wa mashariki, kwa hiyo hapo sibishani na neno vita. Kinachonisumbua zaidi ni kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010 na kuitwa Stuxnet, kilichoharibu mashinepewa za kurutubishia urani zipatazo 1,000 huko Natanz, Iran, huku skrini zikiwaonyesha wahandisi kwamba mambo ni shwari. Marekani na Israeli zilitajwa; hakuna iliyokiri rasmi. Wanasheria walioandika Mwongozo wa Tallinn wa mwaka 2013, kuhusu sheria ya kimataifa na vita vya mtandao, walikubaliana kwamba hayo yalikuwa matumizi ya nguvu, lakini wakagawanyika kama yalifikia kuwa shambulio la kivita. Kwangu hiyo ni hujuma iliyokomaa, na inaonyesha kwamba hujuma si neno la kupunguza makali.

Kuna atakayesema kwamba kwa mwananchi aliyelala gizani tofauti hizi ni za wasomi. Anakosea, kwa sababu jina ndilo linaloamua nani aulizwe. Ikiwa ni vita, jibu ni la jeshi, habari ni siri ya taifa, na anayeuliza huonekana si mzalendo. Ikiwa ni hujuma, tunayo haki ya kuuliza kwa nini huduma 5,000 zilipitishwa mlango mmoja, nani alipewa zabuni ya kuulinda, na mkaguzi alisema nini. Hapa kwetu swali hilo si la kubuni. Takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, na sehemu kubwa yake hutoka Olkaria, ndani ya kaunti hii, ambako mvuke huzungusha mitambo inayoongozwa kwa kompyuta. Mwingine atasema hujuma humaanisha msaliti wa ndani, akikumbuka wahujumu uchumi waliosakwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine nchini Tanzania mwaka 1983. Kweli maana hiyo imo, na haituharibii kitu: mara nyingi mdukuzi wa nje hupitia nywila ya mtu wa ndani.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba hata hujuma huweza kuwa kisingizio. Giza lilipotanda nchini Desemba 2023 na jenereta za uwanja wa ndege wa Nairobi zikagoma, waziri wa uchukuzi aliwataka polisi wachunguze uwezekano wa hujuma. Huenda kulikuwa na uzembe tu. Lakini dai la hujuma hupelekwa polisi na mahakamani, likathibitishwa au likatupwa, na hilo haliwezekani kwa dai la vita. Kwa hiyo naomba wahariri, watangazaji na wafasiri waandike ujasusi wa mtandao kilipoibwa kitu, hujuma ya mtandao kilipoharibiwa kwa siri, na wasubiri ushahidi kabla ya kuandika vita.