Hewa na Chakula Kilichozibwa

Tangu kale watu walihifadhi chakula kwa chumvi, moshi na jua, wala hawakujisumbua sana kuuliza kwa nini nyama huoza. Njia mpya ilipatikana Ufaransa, mkononi mwa mtu asiyekuwa mwanachuoni. Nicolas Appert, aliyezaliwa mwaka 1749, alikuwa mpishi na mtengeneza peremende. Alitia nyama na mboga katika chupa nene, akavifunga vizibo kwa waya, kisha akazichemsha chupa hizo katika maji. Chakula kilikaa miezi mingi kikiwa kizima. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti la kuitangaza siri yake, naye akaiandika kitabuni.

Kazi yake ilikuwa kweli; sababu yake haikujulikana. Mkemia Gay-Lussac alipima hewa iliyokuwamo chupani, asikute oksijeni, akahukumu kuwa ukosefu wake ndio uliokilinda chakula. Neno la mkubwa halipingwi upesi. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur alibainisha kuwa waozeshaji ni vijidudu, na kwa hiyo moto ndio uliokuwa mlinzi. Aligundua pia, mwaka 1861, kuwa viko vijidudu viishivyo pasipo hewa. Jambo hili la pili lilionekana dogo.

Udogo huo ulikoma Desemba 1895. Katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki waliotoka mazikoni walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa katika maji ya chumvi, wakaugua, na watatu wakafa. Émile van Ermengem alikichunguza chakula hicho akakuta kijidudu kinachostawi palipo na ukosefu wa hewa, nacho hutoa sumu inayolegeza misuli hata pumzi ikome.

Leo mashine ndogo ya jikoni hufyonza hewa mfukoni na kuziba mdomo wa plastiki kwa joto. Faida yake si ya kubezwa: ukungu hukwama, mafuta huchelewa kuchacha, na nyama iliyogandishwa haikauki. Lakini mashine hiyo imechukua nusu ya kazi ya Appert, nayo ni ile nusu aliyoisifu Gay-Lussac. Ya kuchemsha imeiacha. Tena huwazuia waozeshaji wenye kunuka, ambao harufu yao ndiyo humwonya mlaji, na sumu ile yaweza kuwapo bila harufu yoyote. Ndiyo maana nyama mbichi au samaki aliyezibwa hivyo huwekwa katika jokofu siku ile ile, kama asiyezibwa.